Uzito wa Karatasi

Gyumri, Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Bomba limeganda tangu Jumapili.
Kompyuta mbili zinanguruma mezani,
mama mkwe anakaushia soksi juu yake
na kuuliza, kama aulizavyo kila usiku:
Nani anaongoza?

Hawashindani wao kwa wao, Mama. Ni mapacha.
Wa kulia nimemnyima kumbukumbu.
Wa kushoto nimempa daftari:
kila akifungwa, aandike alipojikwaa,
asipite tena.
Wote wanacheza sataranji na mpinzani mmoja,
programu kuukuu isiyojifunza, isiyokasirika,
jiwe lenye adabu.

Michezo elfu kwa kila pacha. Mimi ni karani tu.
Ushindi moja, sare nusu, kipigo sifuri,
kisha hesabu ndefu, na mwisho wake pointi,
na ubavuni mwa pointi yale maneno matatu,
ongeza au toa,
yaliyonila usingizi mwaka mzima.
Leo mtoto kakua, kesho kasinyaa,
kumbe hakukua wala hakusinyaa:
ilikuwa bahati ikivuta pumzi.

Safari hii, pacha wa kulia alitoka sawa na jiwe.
Wa kushoto alipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Themanini! Ongeza au toa ishirini.
Toa basi, toa hata mara mbili, bado kuna kitu sufuriani.
Nikampigia Smbat, yuko Samara, anajenga nyumba za watu:
amejifunza, nikamwambia, amejifunza kweli!
Saa nane za usiku. Smbat akasema, lala.

Haykanush hajui farasi anarukaje.
Miaka thelathini na mmoja aliuza jibini sokoni.
Akageuza soksi, akauliza:
Umetoa karatasi?
Karatasi gani, Mama?
Mtu akikupimia jibini na karatasi yake,
na kamba, na kidole gumba juu ya sahani,
amekupimia nini?

Nikacheka. Halafu nikafungua michezo, mmoja mmoja.
Wa arobaini na moja: jiwe linakula askari wa pembeni,
hatua ya kumi na tisa malkia wake hana pa kutokea.
Wa arobaini na tatu: askari yuleyule, malkia yuleyule.
Wa hamsini na nane.
Wa sitini.
Mara mia mbili na sita, hatua kwa hatua,
kasuku mbele ya kioo.
Pacha wangu alikuwa amegundua shimo moja
na kila zamu alimsindikiza mwenzake hadi ukingoni,
akarudi, akaandika: nimeshinda.

Nikabakiza mchezo mmoja. Mia mbili na tano nikafuta.
Tisa.
Ongeza au toa ishirini na mbili.

Tisa si haba, akasema Haykanush.
Tisa huenda si kitu, Mama.
Akanyamaza, akaenda kulala.

Tangu tetemeko lile hulala karibu na mlango,
viatu chini ya kitanda, ncha zikitazama nje.
Alifunzwa mara moja tu, adhuhuri moja ya Desemba.
Hakuna aliyemrudishia adhuhuri ile mara elfu
na pacha wake asiyekumbuka akae kando,
tukatoa, tukagawa, tukajua
kama ile ni elimu au ni hofu tu iliyovaa viatu.
Na mimi, ninayekwepa barafu ya ngazi ya tatu
kwa sababu niliwahi kuanguka pale,
pointi zangu ngapi?

Nimechagua mianzo mia tano, yote tofauti.
Kila mwanzo utachezwa mara mbili, kwa weupe na kwa weusi.
Jiwe nalo nimelipa mawe wenzake sita,
kila mmoja na shimo lake.
Itachukua siku kumi na moja, umeme ukikubali.

Nimebonyeza. Feni zimeamka.
Soksi moja imekauka,
nyingine bado.